Kanisa lilisimama wapi katika ngazi ya ukabaila?

Msomaji mmoja, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, ameniandikia hivi: "Katika vitabu tunavyofundishia, ukabaila wa Ulaya huchorwa kama piramidi: mfalme juu, mabwana wenye ardhi chini yake, kisha askari wapanda farasi, na wakulima chini kabisa. Kanisa huwekwa pembeni, au wakati mwingine juu ya mfalme. Wanafunzi wangu wameniuliza kama Kanisa lilikuwa ndani ya piramidi au nje yake, na kama lilihubiri kwamba watu wote ni sawa mbele za Mungu, liliwezaje kuwa na watwana wake lenyewe? Nilijibu, lakini jibu langu halikuniridhisha."

Mwalimu, kwa swali la kwanza jibu langu ni kwamba Kanisa lilikuwa ndani ya piramidi, tena katika kila tabaka lake, kuanzia kwa askofu aliyeketi mezani na mfalme hadi kwa padri wa kijiji aliyelima konde lake mwenyewe. Ukilichora ndani ya kisanduku chake peke yake, popote utakapokiweka, mchoro utawapotosha wanafunzi. Swali la pili ni gumu zaidi, nami nitalifikia baada ya kueleza la kwanza, kwa sababu huwezi kuelewa namna Kanisa lilivyowatazama watwana bila kujua kwanza kwamba lilikuwa bwana wao.

Katika shule zetu neno ukabaila limebeba mambo mengi: umwinyi wa pwani, nyarubanja (mfumo wa mabwana wa ardhi na wapangaji wao) ya Karagwe na Buhaya, ubugabire (mfumo wa kupewa ng'ombe kwa malipo ya utumishi) wa Rwanda, Burundi na Buha. Hata Ulaya yenyewe haikuwa na mfumo mmoja, kwani desturi za Ujerumani hazikuwa za Ufaransa, wala za Ufaransa hazikuwa za Italia. Kwa hiyo nitajifunga Uingereza, kati ya mwaka 1066, William wa Normandy alipoiteka, na mwaka 1381, wakulima walipoasi. Nimeichagua kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo iliandikwa na watawa, ambao waliandika mambo yao ya ardhi kwa uwazi unaoshangaza.

Tuanze na ardhi yenyewe. Baada ya ushindi wake, William alidai kwamba ardhi yote ya Uingereza inashikwa kutoka kwake, na mwishoni mwa 1085 aliamuru ifanywe hesabu kubwa, iliyofanyika 1086, inayojulikana kama Kitabu cha Domesday. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba maaskofu, makanisa makuu na monasteri kwa pamoja walishika takriban robo ya thamani ya ardhi ya nchi, sehemu kubwa kuliko ile aliyojiwekea mfalme mwenyewe. Wala hawakupewa ardhi hiyo bure. William aliwawekea wengi wao wajibu uleule aliowawekea mabwana wa kidunia, yaani kutoa idadi fulani ya askari wapanda farasi pindi mfalme atakapowahitaji. Abasia ya Peterborough, yaani monasteri kubwa iliyoongozwa na abate, ilidaiwa askari 60, na ile ya Bury St Edmunds ilidaiwa 40. Kwa vile mtawa haruhusiwi kushika upanga, abate aligawa sehemu ya ardhi ya monasteri kwa askari, nao walipiga magoti mbele yake, wakaweka mikono yao ndani ya mikono yake na kuapa kuwa watu wake, kama ambavyo yeye naye alikuwa amemwapia mfalme. Wanahistoria wengi huamini kwamba ishara ya kuunganisha viganja wakati wa sala, ambayo Wakristo wengi wanaifanya hadi leo, ilitokana na kiapo hicho cha utii kwa bwana.

Hapo ndipo mkanganyiko wa mchoro wako unapozaliwa, Mwalimu, maana askofu alikuwa watu wawili katika mwili mmoja: mchungaji wa roho, aliyewajibika kwa Papa na kwa sheria za Kanisa, na bwana wa ardhi, aliyewajibika kwa mfalme. Mwaka 1082 William alipoamua kumkamata Odo, ndugu yake wa mama mmoja, aliyekuwa Askofu wa Bayeux na papo hapo Erli wa Kent, yaani bwana mkubwa wa kidunia, ilielezwa kwamba anayekamatwa ni erli na si askofu. Mwaka 1088 William wa St Calais, Askofu wa Durham, alishtakiwa kwa kumsaliti mfalme aliyefuata, akadai kwamba askofu hawezi kuhukumiwa isipokuwa na mahakama ya Kanisa. Aliyemjibu hakuwa mtu wa mfalme tu, bali Lanfranc, Askofu Mkuu wa Canterbury: hapa hatukuhukumu kwa sababu ya uaskofu wako, tunakuhukumu kwa sababu ya ardhi unayoishika. Ugomvi mkubwa kuhusu nani amkabidhi askofu fimbo na pete, alama za uaskofu wake, ambao uliitikisa Ulaya nzima, ulimalizwa nchini Uingereza mwaka 1107 kwa mgawanyo huohuo. Mfalme aliacha kutoa fimbo na pete, lakini askofu mteule aliendelea kumwapia utii kwa ajili ya ardhi. Ukiwafafanulia wanafunzi jambo hili moja, nusu ya swali lao itakuwa imejibiwa.

Katika vitabu vingi vya shule hufuata hapa ile nadharia ya makundi matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi. Iliandikwa waziwazi katika karne ya 11 na maaskofu wa kaskazini mwa Ufaransa, maarufu zaidi akiwa Adalbero wa Laon, na ilisema kwamba kila kundi linawategemea mengine mawili, kwa hiyo hakuna budi kila mtu abaki mahali pake. Ifundishe, lakini wakumbushe wanafunzi kwamba waliotunga maelezo hayo walikuwa wa kundi la kwanza, na kwamba yalikuwa maelezo ya jinsi walivyotaka dunia iwe. Watawa wa Bury St Edmunds walisali usiku na mchana, lakini wakati huohuo walikuwa na askari zaidi ya 50 walioshika ardhi yao, na abate wao ndiye aliyesimamia sheria katika eneo lote la magharibi mwa Suffolk, mahali ambapo ofisa wa mfalme hakuwa na mamlaka ya kawaida. Je, hao ni wanaosali au ni watawala?

Tuje sasa kwa watu wa chini. Neno mtwana nalitumia kwa maana ya mkulima asiye huru, ambaye hakuwa mtumwa wa kuuzwa sokoni. Alikuwa na nyumba, mke, watoto na mashamba aliyoyarithi kwa baba yake, lakini hakuruhusiwa kuhama bila idhini ya bwana wake, wala kumshtaki katika mahakama ya mfalme kwa habari ya ardhi hiyo. Kila juma alifanya kazi kwa siku kadhaa katika mashamba ya bwana bila malipo, na wakati wa mavuno, hasa siku ambazo mazao yake mwenyewe yalihitaji mikono, aliitwa kwa siku za ziada. Alipomwoza binti yake alilipa ada. Alipofariki, bwana alichukua mnyama bora katika zizi lake.

Juu ya hayo Kanisa lilikuwa na haki zake. Kila mwenye mazao, awe mtwana au mtu huru, alitoa fungu la kumi: mganda mmoja katika kila miganda kumi, na vivyo hivyo katika kondoo, sufu, kuku na mayai. Siku ya msiba, baada ya bwana kuchukua mnyama wa kwanza kwa ubora, kanisa la parokia kwa desturi lilidai wa pili. Sasa fikiria kijiji ambacho bwana wake ni monasteri, na monasteri hiyohiyo imejitwalia pia mapato ya parokia, jambo lililokuwa la kawaida sana. Wanyama wote wawili waliingia katika lango moja. Mjane aliyebaki na zizi tupu hakuwa na haja ya kufundishwa tofauti kati ya askofu mchungaji na askofu mwenye ardhi.

Ardhi iliyoingia mikononi mwa Kanisa haikutoka tena. Bwana wa kidunia alikufa, akaacha mtoto mdogo au binti, na mfalme akapata nafasi ya kutoza ada au kuichukua milki chini ya uangalizi wake. Monasteri haifi wala haiachi mrithi mchanga. Ndiyo maana mwaka 1279 Mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria ya kukataza ardhi kupewa Kanisa bila kibali. Kutokana na kutokufa huko, monasteri kongwe zilitunza hati na madai yao kwa mamia ya miaka, na mara nyingi zilikuwa mabwana wagumu kuliko majirani zao wa kidunia, kwa sababu abate aliona kwamba kulegeza haki moja ni kumwibia mtakatifu aliyezikwa kanisani mwake.

Hakuna jambo linaloonyesha hilo vizuri kama vinu vya kusagia nafaka. Katika maeneo mengi mtwana alilazimika kusaga nafaka yake katika kinu cha bwana na kuacha humo sehemu ya unga kama malipo. Jocelin wa Brakelond, mtawa wa Bury St Edmunds, ameandika habari za abate wake, Samson, aliyeongoza kati ya mwaka 1182 na 1211. Dekano mmoja, yaani kasisi msimamizi, aitwaye Herbert alijenga kinu cha upepo, akajitetea kwamba upepo ni wa watu wote na kwamba atasaga nafaka yake mwenyewe tu. Samson alikasirika, akaapa kwamba hatakula mkate hadi kinu hicho kibomolewe, kwa hofu kwamba watu wa mji wangekikimbilia na kuacha vinu vya abasia. Herbert alishauriana na mwanawe, akakibomoa mwenyewe haraka, hata watumishi wa abasia walipofika hawakukuta cha kubomoa. Naye Samson, Mwalimu, hakuwa mtu mwovu. Jocelin anamwonyesha kuwa kiongozi mwadilifu, mwenye bidii, aliyelipa madeni ya nyumba yake. Alichokiona kwenye kile kinu ni haki ya Mtakatifu Edmund iliyokuwa ikichezewa.

Huko St Albans, mji ulio kaskazini mwa London, ugomvi wa namna hiyo ulidumu vizazi vingi. Watu wa mji walijinunulia mawe madogo ya kusagia kwa mkono, wakasaga nyumbani. Mnamo 1331 hivi Abate Richard wa Wallingford aliwashinda katika shauri, akayatwaa mawe yao yote na kuyatandaza kama sakafu katika chumba cha maongezi cha monasteri. Kila aliyeingia humo kuonana na watawa aliyakanyaga.

Abate Richard huyo alikuwa mtoto wa mhunzi. Alifiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka kumi hivi, mkuu wa monasteri ndogo ya mji wake akamchukua, akamlea na kumpeleka Oxford, na huko akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya ya wakati wake; saa ya kuonyesha mienendo ya jua na mwezi aliyoibuni kwa ajili ya St Albans bado inatajwa na wanahistoria wa sayansi. Katika jamii ambayo mtoto wa mhunzi alitarajiwa kuwa mhunzi, ni Kanisa lililomfikisha Richard mahali pa kukaa meza moja na malodi. Hakuwa wa kwanza. Nicholas Breakspear, aliyezaliwa karibu na St Albans katika familia isiyo na jina, alikuwa Papa Adrian wa Nne kuanzia 1154 hadi 1159, Mwingereza pekee aliyewahi kushika cheo hicho. Robert Grosseteste, aliyekuwa Askofu wa Lincoln kuanzia 1235, naye alitoka kwa watu wa chini.

Mlango huo ulikuwepo kwa sababu mapadri hawakuruhusiwa kuoa. Walikuwamo waliokuwa na watoto, kama Herbert wa kile kinu, lakini cheo cha askofu au cha abate hakikurithiwa kisheria, hivyo katika kila kizazi ilibidi atafutwe mtu mpya. Wafalme nao waliwapenda makasisi wenye elimu kwa sababu hiyohiyo: aliyejua kuandika hati na kufanya hesabu alilipwa kwa kupewa uaskofu, na alipokufa cheo kilirudi bila kuanzisha ukoo wa kushindana na mfalme. Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Kanuni za Clarendon, alizozitangaza Mfalme Henry wa Pili mwaka 1164, zilisema kwamba watoto wa watwana wasipewe daraja takatifu bila idhini ya bwana ambaye walizaliwa katika ardhi yake. Sababu si ngumu kuiona, kwani daraja takatifu lilimweka kijana huru, na bwana alipoteza mikono ya kulima. Walio wengi kati ya wana wa watu wa chini waliofaulu kupita waliishia kuwa mapadri wa vijiji, wakiwahudumia watu kwa niaba ya monasteri iliyochukua mafungu makubwa ya nafaka na kuwaachia madogo. Kwa hiyo ndani ya Kanisa lenyewe kulikuwa na ngazi nyingine, na aliyesimama chini yake alifanana zaidi na wakulima waliomzunguka kuliko na askofu wake.

Sasa naweza kulijibu swali la pili la wanafunzi wako, na sitaki kulijibu kwa kulilaani Kanisa wala kwa kulitetea. Mafundisho ya wakati ule yalisema kwamba watu wote ni sawa kwa asili, na kwamba utwana uliingia duniani kwa sababu ya dhambi ya mwanadamu, kama vile magonjwa na kifo vilivyoingia. Kwa hoja hiyo mtu aliweza kukiri usawa wa roho siku ya Jumapili na kudai siku zake za kazi Jumatatu bila kuona kwamba amejipinga. Nadhani wengi wao waliamini hivyo kwa dhati. Na mahali ambapo imani hiyo iligusa sakramenti, ilizaa matunda ya kweli: ni huyohuyo Papa Adrian wa Nne aliyeamua kwamba ndoa ya watu wasio huru ni halali hata kama mabwana wao wameikataa. Bwana aliweza kutoza ada na faini, lakini hakuweza kuivunja ndoa. Kwa watu waliokuwa na haki chache kiasi kile, hiyo haikuwa haki ndogo.

Kuhusu utumwa wenyewe, yaani watu wa kununuliwa na kuuzwa, Domesday inaonyesha kwamba takriban mmoja katika kila watu 10 waliohesabiwa mwaka 1086 alikuwa mtumwa, na kwamba baadhi yao waliishi katika ardhi za monasteri. Wulfstan, Askofu wa Worcester, alihubiri tena na tena dhidi ya wafanyabiashara wa Bristol waliopeleka watu Ireland kuwauza, na mkutano wa maaskofu uliofanyika Westminster mwaka 1102 ulikataza watu kuuzwa kama wanyama. Katika karne ya 12 utumwa wa namna hiyo ulififia Uingereza. Mahubiri yalichangia, lakini pia mabwana, makasisi miongoni mwao, waligundua kwamba mtu aliyepewa kipande cha ardhi na kudaiwa kazi hujilisha mwenyewe.

Waliolichukua fundisho la usawa na kulifikisha mwisho wake walikuwa makasisi wa chini. John Ball, padri aliyefungwa na Askofu Mkuu wa Canterbury kwa sababu ya mahubiri yake, alitolewa gerezani na waasi wa mwaka 1381, na anakumbukwa kwa swali aliloliuliza mbele ya umati nje ya London: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, nani wakati huo alikuwa bwana? Tarehe 14 Juni waasi walimkata kichwa Simon Sudbury. Yeye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na papo hapo Chansela, yaani waziri mkuu wa serikali ya mfalme, hivyo ndiye waliyemwona nyuma ya kodi ya kichwa iliyowachochea.

Siku iliyofuata watu wa St Albans walilifikia lango la abasia yao. Aliyewaongoza, William Grindecobbe, alikuwa amelelewa na kusomeshwa ndani ya monasteri hiyohiyo. Walimlazimisha Abate Thomas de la Mare kuwapa hati za uhuru, wakachoma kumbukumbu za madeni yao, wakamtundika sungura hai mahali pa hadhara kuonyesha kwamba sasa wanaweza kuwinda. Kisha wakaingia katika chumba cha maongezi na kung'oa ile sakafu. Thomas Walsingham, mtawa wa monasteri hiyo aliyeandika habari za siku zile kwa chuki kubwa dhidi ya waasi, anasimulia kwamba waliyavunja mawe ya kusagia vipandevipande na kumgawia kila mtu kipande, kama vile mkate uliobarikiwa unavyogawiwa siku za Jumapili katika makanisa ya parokia.

Mwezi mmoja baadaye mfalme kijana, Richard wa Pili, alifika St Albans na jeshi na majaji wake. Uhuru ulioandikwa katika hati zile ulifutwa, na tarehe 15 Julai John Ball, padri, na William Grindecobbe, mwanafunzi wa watawa, waliuawa katika mji huo.